Kipepeo Mmoja, Sura Mbili

Kila mwaka masika yanapokatika hapa Moshi, huwa naulizwa swali lilelile: vipepeo waliokuwa wamejaa bustanini wamehamia wapi? Kwa baadhi yao swali hilo ni la haki. Vipepeo weupe wenye mishipa ya kahawia, ambao kitaalamu huitwa Belenois aurota, huhama kweli. Makundi makubwa huruka mchana kutwa kuelekea upande mmoja, na wakikuta nyumba hupita juu ya paa badala ya kuizunguka.

Wengine, hata hivyo, hawaendi popote ila huja na sura nyingine. Precis octavia wa msimu wa mvua ana mabawa ya rangi ya chungwa iliyokolea yenye madoa meusi, ilhali yule wa kiangazi ni wa buluu na mweusi, mwenye mstari wa madoa mekundu. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba wataalamu wa zamani waliwahesabu kuwa spishi mbili, nami siwalaumu. Kipepeo akishatoka kwenye pupa habadiliki rangi tena. Kinachobadilika ni kizazi. Kiwavi anayekulia kwenye mimea ya jamii ya kivumbasi wakati wa baridi ya Juni na Julai huelekea kuwa wa buluu, hata kama wazazi wake walikuwa wa rangi ya chungwa, kwa sababu hapa kwetu hewa hupoa kabla majani hayajakauka, na ubaridi huo ndio unaompa taarifa ya ukame ujao.

Julai moja niliinama kwenye ukingo wenye kivuli wa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, nikaona kitu nilichodhani ni majani makavu ya mgomba yaliyonasa kwenye mizizi, mpaka mojawapo lilipofunguka na kuonyesha buluu. Walikuwa sita, wamefumba mabawa, upande wa chini wote kahawia.

Bicyclus anynana, kipepeo mdogo wa kahawia apendaye matunda yaliyooza, hufuata njia hiyohiyo: madoa yake yanayofanana na macho, ambayo wakati wa mvua huvuta midomo ya maadui mbali na mwili, kiangazi hufifia, na jike huchelewesha kutaga hadi majani mabichi yarudi.

Kwa hiyo wale wa rangi ya chungwa wanaoonekana baada ya vuli hawajarejea kutoka safari yoyote. Ni watoto wa wale wa buluu waliojificha mfongoni.