Kuchonga njia za hewa kwenye injini: maana yake hasa

Kuchonga njia za hewa ni kuondoa chuma kidogo ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa na ndani ya matundu ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda (mafundi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huiita kulase), ili hewa ifike kwenye silinda bila kugonga vinundu na kingo zilizoachwa kiwandani. Wengi hudhani maana yake ni kutanua tundu. Kwa dhana hiyo kulase nyingi nzuri zimeharibiwa.

Piga hesabu. Tundu la mm 30 likifanywa mm 34, eneo lake huongezeka kwa asilimia 28, na hewa ileile hupita humo ikiwa imepungua mwendo kwa asilimia 22 hivi. Hewa ya polepole haiishindilii silinda, na petroli huganda ukutani badala ya kuchanganyika nayo. Gari lenye mzigo linalopanda mtaa wa Kadutu kwa mizunguko 2,000 kwa dakika litakuwa zito kuliko mwanzo. Faida ya tundu kubwa huonekana mizunguko ikiwa juu sana, na milima yetu haitoi nafasi hiyo. Tena mji wa Bukavu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni haba, na kuchonga hakuirudishi; hilo huliweza turbo, kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini.

Kazi yenye faida iko kwenye koo, pale chini kidogo ya kiti cha valvu, yaani pete ambayo valvu hukaa inapofunga tundu. Kwa valvu ya mm 36, koo la mm 31 hadi 32 latosha. Lainisha ukingo ulio kati ya kiti na koo, kisha kona fupi ya ndani ambako hewa hugeuka. Kona hiyo izungushwe taratibu. Ukiikata ikawa bapa, hewa huachana na ukuta na mtiririko hupungua. Weka valvu kuukuu kulinda kiti. Kwenye alumini, paka jiwe la kusagia mafuta ya taa lisizibe.

Baada ya hapo, linganisha midomo ya manifoldi na ya kulase inapokutana. Bandika gasketi, chora mstari, chonga hadi hapo. Mdomo wa manifoldi usiuzidi wa kulase, la sivyo hewa itagonga ngazi. Malizia kwa msasa namba 80. Upande wa kuingiza usiung'arishe kama kioo, kwa kuwa ukuta wenye mikwaruzo kidogo huizuia petroli isitiririke. Kisha jaza maji kila tundu kwa bomba la sindano: ujazo ukitofautiana, silinda hazitavuta sawa.

Hatari kubwa ni kutoboa hadi kwenye njia ya maji. Ukuta ukibaki chini ya mm 3, acha. Kulase za dizeli, ambazo nyingi zina tundu lililopindwa makusudi ili hewa izunguke, zisiguswe kona zake.

Injini ikisharudishwa, iendeshe na mzigo, kisha fungua plagi. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi: ongeza kabla pistoni haijaungua.