Ubongo Ukinakiliwa, Mwenyewe Huwa Wapi?

Baada ya kikao chetu na familia zinazouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau hapa Kisumu, binti mmoja alibaki nyuma. Babake alikuwa mvuvi wa Dunga. Siku hizi mzee humwita binti huyu kwa jina la shangazi, dada yake mzee aliyefariki zamani. "Daktari," akaniuliza, "nasikia siku moja akili ya mtu itawekwa kwenye kompyuta. Hatuwezi kumhifadhi baba kabla hajatupotea kabisa?" Ameniruhusu kulijibu swali lake hadharani.

Kwanza, bado tuko mbali na kunakili ubongo. Kuna mnyoo wa urefu wa milimita moja mwenye seli za neva 302 tu. Ramani ya jinsi zinavyoungana ilichapishwa mwaka 1986, na mpaka leo hakuna programu inayoiga maisha yake yote. Mwaka 2024 ilitoka ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva: seli kama 139,000. Binadamu anazo takriban bilioni 86. Tena ramani hizo hupatikana kwa kukata ubongo uliokufa vipande vyembamba mno, na hazionyeshi jinsi kemikali zinavyobadilisha kazi ya seli mtu anapoogopa au anaposhiba.

Hata tukiyavuka hayo, bado kuna swali linalonisumbua zaidi. Ukituma shilingi 500 kwa M-Pesa, pesa zinatoka kwako na kuingia kwa mwenzako. Ukituma picha kwa WhatsApp, picha yako inabaki pale pale kwenye simu. Kunakili ubongo ni kama kutuma picha. Mzee angeamka kitandani kwake Dunga magoti yakimuuma, huku kompyuta nayo ikisema ndiyo yeye. Mkiizima, yeye hajafa. Yeye akifa, kuwaka kwa kompyuta hakumrudishii pumzi. Na kama kompyuta hiyo ingehisi chochote, au ingetamka maneno tu, hatuna kipimo cha kutuambia.

Wapo wanaosema mtu ni kumbukumbu zake. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika jambo la karibu na hilo katika karne ya 17. Mimi sikubali, na sababu yangu ni mzee huyu. Nilipowatembelea hakujua ni mwaka gani. Bintiye akamwekea mapajani wavu wa kuvulia samaki aina ya ngege. Mzee akashika sindano, akapima jicho la wavu kwa kidole, akafunga fundo, akalikaza, akaenda la pili. Alipofikia mahali palipowahi kushonwa na mtu mwingine, akaguna, akafumua, akaanza upya. Kumbukumbu za matukio hutegemea sehemu ya ubongo ambayo ugonjwa huu huishambulia mapema. Ufundi wa mikono umehifadhiwa kwingine. Aliyekerwa na kazi mbovu ni yule yule aliyekuwa akikerwa nayo ufuoni miaka yote.

Nilimshauri binti amrekodi babake sasa, angali anaimba na kutaja samaki na pepo za ziwa. Rekodi hizo ni za wajukuu. Kwa ajili ya mzee mwenyewe, nilimwomba ampe wavu kila asubuhi palipo na mwanga wa kutosha, na akimwita kwa jina la shangazi asimsahihishe. Aitike.