Ukisikia "Kodi Bluu" Hospitalini: Maswali na Majibu

Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali mgonjwa katika hospitali moja hapa Nairobi, mara kipaza sauti kikatangaza "Kodi Bluu" na wahudumu wakatoka mbio. Maana yake ni nini?

Kodi hii haihusiani na ushuru wala pango la nyumba. Ni msimbo, yaani neno ambalo wahudumu wamekwisha kukubaliana maana yake, na msimbo wa buluu kwa kawaida humaanisha kwamba moyo wa mtu umesimama au kwamba ameacha kupumua. Wanaokimbia huwa wamegawana kazi: mmoja hukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 ikiwa mgonjwa ni mtu mzima, mwingine huangalia njia ya hewa, mwingine huandaa dawa na mashine ya kushtua moyo, na yupo wa kuandika saa ya kila hatua. Anayekandamiza hupokezana na mwenzake kila baada ya dakika 2, kwa kuwa mikono ikichoka damu haisukumwi vya kutosha. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kudhurika katika dakika chache tu, na ndiyo maana hawana nafasi ya kusimama wakueleze.

Je, rangi nyingine zina maana gani?

Nyekundu karibu kila mahali ni moto. Waridi, katika hospitali nyingi za Marekani, ni mtoto mchanga aliyeibwa: milango hufungwa, na mzazi anayetoka na mwanawe mwenyewe hana budi kuvumilia kusimamishwa na walinzi.

Kwingineko maana hutofautiana, tena kwa namna ya kutia wasiwasi. Rangi ya machungwa ni kuwahamisha watu kutoka jengoni kule Australia, ilhali Kanada ni ujio wa majeruhi wengi kwa pamoja, na katika hospitali nyingi za Marekani ni kumwagika kwa kemikali hatari. Mwaka 1999, watu watatu waliuawa kwa risasi katika hospitali moja ya California, na msimbo uliotangazwa haukuwa sahihi. Baada ya hapo chama cha hospitali za eneo hilo kikaandaa orodha moja ya misimbo. Kwa hiyo usibebe orodha uliyoisoma mtandaoni ukadhani ndiyo inayotumika katika hospitali uliyomo, muulize muuguzi.

Kwa nini wasiseme kwa lugha ya wazi?

Neno fupi hufika upesi, na halizui taharuki. Kwa msimbo wa buluu nakubaliana nao kabisa, kwa sababu umati ukijaa mlangoni mgonjwa ndiye anayeumia. Kwa moto sikubaliani. Saa ya kuwaona wagonjwa, ukumbi wa hospitali ya Nairobi umejaa watu wasiowahi kufundishwa misimbo, na tangazo la "Moto, jengo la pili, tumieni ngazi" litawaokoa wengi kuliko jina la rangi.

Nilipofika kasualti niliwekwa kundi la kijani. Je, ni msimbo huohuo?

La. Huko ni kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao: nyekundu huhudumiwa mara moja, njano hufuata, kijani anaweza kungoja bila hatari kubwa. Kijani hakumaanishi kwamba umedharauliwa, lakini hali ikibadilika ukiwa kwenye foleni, mwambie muuguzi papo hapo ili upimwe upya. Hata mifuko ya taka ina rangi zake: nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa taka zenye maambukizi, nyekundu kwa zile zenye maambukizi makali.

Nifanye nini msimbo ukitangazwa?

Simama kando ya ukuta, waachie lifti, na usipige picha. Ikiwa ni kitanda cha mgonjwa wenu, mtu mmoja wa familia amwulize muuguzi msimamizi ni nani atakayewaeleza, na wengine wangoje nje ya wodi.

Na ikiwa wewe ndiye wa kwanza kumwona mtu akianguka, usihangaike kutafuta msimbo. Paza sauti kwa Kiswahili chako, "Mtu ameanguka, hapumui!", na utaje mahali mlipo.