Je, wajua valvu ya gesi inajuaje kwamba moto unawaka?

Moto ukizimika huku gesi ikiendelea kutoka, kinachobaki kuleta mlipuko ni cheche moja tu. Ndiyo maana mtambo unaofungua valvu wenyewe hudai ushahidi wa moto, tena wa haraka. Themokapo, ile ncha ya metali inayotoa milivolti 20 hadi 30 ikipata joto, hutosha kwa majiko madogo. Lakini moto ukizimika ncha huchelewa kupoa, na valvu yaweza kubaki wazi kwa makumi ya sekunde. Kwenye kichomeo kikubwa chenye feni, gesi inapaswa kukatwa ndani ya sekunde 1 hivi.

Njia iliyoenea zaidi hutumia mwali wenyewe kama sehemu ya saketi. Gesi inapoungua, ndani ya mwali huzaliwa ayoni chanya (chembe zenye chaji ya umeme) na elektroni huru, kwa hiyo mwali hupitisha umeme, ingawa kidogo sana. Fimbo nyembamba ya aloi isiyoyeyuka kirahisi hushikwa na kauri, ncha yake ikaingia motoni. Fimbo hupewa umeme wa AC, yaani unaogeuza mwelekeo kila mara, na kichomeo huungwa kwenye waya wa ardhi.

Kwa nini AC, si DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja? Hapa ndipo penye ujanja wote. Kauri ikilowa au ikishika masizi, nayo hupitisha umeme. Saketi ya DC ingedhani kuna moto, ikaacha valvu wazi. Mwali una tabia ambayo unyevu hauna. Ayoni ni nzito na huenda polepole, elektroni ni nyepesi. Fimbo inapokuwa chanya, elektroni huikimbilia, nazo ayoni hupokelewa na uso mpana wa kichomeo. Fimbo inapokuwa hasi, ayoni hulazimika kuufuata uso wake mdogo, na mkondo hupungua mno. Mwali unakuwa kama diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na AC ikipita humo hutoa mkondo wa DC. Unyevu, masizi, hata fimbo kugusa chuma, vyote hupitisha umeme sawa pande zote mbili, kwa hiyo havitoi DC. Ili tofauti hiyo ionekane vizuri, eneo la kichomeo linaloguswa na mwali liwe angalau mara 4 ya eneo la fimbo.

Kinachopimwa ni mikroampea chache. Kwenye vidhibiti vingi, yaani saketi zinazosoma mkondo huo na kuendesha valvu, mikroampea 1 hadi 5 ni kawaida. Ukishuka chini ya nusu mikroampea, tegemea mtambo kujizima ovyo. Weka multimita kwenye skeli ya mikroampea za DC, mfululizo na waya wa fimbo. Mkondo ukiwa dhaifu, anza na waya wa ardhi: mafundi wengi hubadilisha fimbo nzima kumbe ni skrubu iliyopata kutu. Kisha angalia utando wa silika juu ya fimbo, ambao huzuia umeme. Usafishe kwa sufi laini ya chuma. Kauri iliyopasuka haitengenezeki, ibadilishwe. Kwenye vidhibiti kadhaa, laivu na nyutro (nyaya mbili zinazoleta umeme) zikipishana, moto utawaka vizuri lakini hautatambuliwa.

Upande wa elektroniki, kidhibiti hukagua kwanza kwamba hakuna ishara ya moto kabla ya kuwasha. Ikiwepo, kuna hitilafu na hakifungui gesi. Ndipo hutoa cheche, hufungua valvu, na husubiri sekunde chache tu. Ishara isipofika hufunga na kujifungia mpaka mtu abonyeze kitufe. Rilei ya valvu (swichi inayoendeshwa na umeme) isiendeshwe kwa volti tuli kutoka mikrokontrola, ile chipu inayoendesha programu. Ipewe mapigo yanayopita kwenye kapasita, ambayo huzuia volti tuli, ili programu ikiganda mapigo yakome na rilei iachie.

Kujaribu saketi mezani, gesi ikiwa haijaungwa, tumia diodi 1N4007 mfululizo na rezista ya megaohmu kadhaa, anodi upande wa fimbo. Ukimaliza, iondoe: ikisahaulika humo, kidhibiti kizuri kitakataa kuwasha, na kibovu kitaamini kuna moto siku zote.