Rangi ya waya si kazi yake: dhana potofu za kubadilisha themostati ya pampu ya joto

"Fundi, nimeunga rangi kwa rangi, mbona mashine imekufa?" Swali hili naulizwa kila msimu wa baridi unapoanza, na anayeuliza huwa amenunua themostati nzuri (kifaa cha ukutani cha kuongoza joto la nyumba), amesoma maelekezo, na amefanya kazi safi ukutani. Kilichomwangusha ni imani moja tu, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Nazungumzia pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayopasha na kupoza nyumba, yenye mfumo wa volti 24 uliozoeleka Marekani na Kanada, ule wenye terminali (sehemu za kufungia nyaya) za R, C, Y, G, O/B na W.

"Rangi ya waya ndiyo inayoonyesha kazi yake."

Hapana. Kazi ya waya inajulikana kwa herufi ya terminali ulikofungwa, tena pande zote mbili: kwenye themostati na kwenye bodi ya mashine ya ndani. Ni kweli ipo desturi. Nyekundu huenda R unakotoka umeme wa transfoma, njano huenda Y kuwasha kompresa, kijani G kwa feni, machungwa O kwa vali ya kugeuza mashine kati ya kupasha na kupoza. Lakini desturi haimfungi mtu. Fundi aliyekutangulia akikuta kebo imebaki na waya wa kahawia tu, ataufunga huo na kuendelea na kazi yake. Halafu kebo inayotoka nje kwenye kompresa mara nyingi huungwa na ile ya ukutani ndani ya mashine ya ndani, na hapo kwenye kiungo rangi inaweza kubadilika kabisa.

Tazama waya wa bluu. Nyumba nyingi huwa ni C, yaani njia ya umeme kurudi kwenye transfoma. Ukienda kwenye mfumo wa Rheem au Ruud, unaweza kuukuta kwenye B, ukiendesha vali ya kugeuza. Kisha kuna themostati za zamani za Trane ambazo herufi B yenyewe ni C! Mtu anautoa waya kwenye B, anaona themostati mpya ina terminali ya O/B, anauchomeka humo akiwa na amani moyoni. Siku themostati inapopeleka umeme kwenye O/B, R inakutana na njia ya kurudi bila mzigo wowote katikati. Hiyo ni shoti. Ukiwa na bahati, fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5 iliyo kwenye bodi inakatika. Kama bodi haina fyuzi, transfoma inaweza kuungua. Skrini inazimika, mtu anairudisha themostati dukani akidai ni mbovu, anapewa nyingine, anarudia yale yale.

Kwa hiyo fanya hivi, nakusihi. Kata umeme wa mashine ya ndani na wa nje. Mara nyingi kila moja ina breka yake. Kabla hujalegeza skrubu hata moja, piga picha inayosomeka herufi. Bandika kila waya kipande cha karatasi chenye herufi ya terminali ulikotoka, wala usijisumbue kuandika rangi. Kisha fungua mfuniko wa mashine ya ndani ulinganishe na bodi. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo ingewaokoa. Herufi za ukutani zikipingana na za bodi, iamini bodi.

Na ukishaunga, ukiwasha ubaridi likatoka joto, usihamishe nyaya. Ingia kwenye mipangilio ya fundi ubadilishe O iwe B au kinyume chake. Watengenezaji wengi huipa vali umeme wakati wa kupoza, hiyo ni O. Rheem na Ruud huipa wakati wa kupasha.

"Nyeupe ni ya joto, basi W ndiyo inayopasha nyumba."

Kwenye tanuri la gesi, sawa. Kwenye pampu ya joto, kinachopasha ni kompresa kupitia Y. W ni hita za umeme za akiba. Ukiiambia themostati kwamba una tanuri la kawaida, itaita W peke yake. Nyumba itapata joto vizuri tu, ndiyo maana hakuna anayeshtuka mpaka bili ije, maana hita hizo hutoa joto sawa na umeme zinaokula, ilhali pampu huweza kutoa mara mbili au tatu ya hapo. Washa joto, subiri dakika kama tano kwa sababu themostati huchelewesha kompresa ili kuilinda, kisha toka nje usikilize. Kompresa iko kimya? Rudi kwenye mipangilio.

"Ya zamani haikuhitaji C, na hii haihitaji."

Ya zamani haikuwa na Wi-Fi; hii inayo, na inataka umeme wa kudumu unaorudi kupitia C. Chungulia nyuma ya ukuta, mara nyingi kuna waya wa ziada umekunjwa humo. Uunge pande zote mbili. C iliyofungwa ukutani huku ncha ya pili ikining'inia kwenye mashine haina kazi. Ukipima R na C kwa mita, utegemee volti 24 hadi 28 hivi. Kama kebo haina waya wa ziada, mimi napitisha mpya ya nyaya nane.

"Volti 24 haiui, sina haja ya kuzima umeme."

Haikuui wewe, inaua fyuzi R ikigusa C. Na ukikuta nyaya nene chache za volti 120 au 240, acha kabisa: hiyo ni themostati ya aina nyingine, na hizo zinaua.

"Joto la dharura linaharakisha."

Linazima kompresa na kuacha hita peke yake. Ni la siku mashine ya nje imeharibika, basi.

"Nikishusha joto sana usiku naokoa pesa."

Ukishusha nyuzi joto nyingi, asubuhi hita za akiba zitaamka kufidia na kula ulichookoa. Shusha nyuzi joto moja au mbili. Kama themostati yako ina mpangilio wa kuzuia hita za akiba kuwaka nje kukiwa hakuna baridi kali, uwashe siku hiyo hiyo ya kufunga.