Diski "iliyochomwa" ni ipi hasa?

"Nimeshaichoma." Nimelisikia neno hili mara tatu ndani ya wiki moja, na kila aliyelisema alikuwa na lake. Wa kwanza alikuwa amekopi mafaili ya simu kwenye diski tupu. Wa pili alikuwa amehamisha mkanda wa harusi kwa mashine ya nyumbani ya kurekodi DVD, kisha akaitoa diski papo hapo. Wa tatu hakuwa na diski kabisa. Alikuwa amekata vipande vya video kwenye kompyuta, akahifadhi, akazima. Malalamiko yao yalikuwa mamoja: deki haisomi.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Kuchoma diski ni kuandika data kwenye diski tupu kwa leza. Kazi iliyotangulia, yaani kupiga picha au kuhariri, si kuchoma. Na inayofuata, kuifunga diski, ni hatua yake peke yake.

Neno hili tumelipata kwa kufuata Kiingereza, ambacho nacho husema diski inaunguzwa. Lakini hatukusema kuunguza, wala kuteketeza. Tulichukua kuchoma, na kwa maoni yangu hakuna neno lingefaa zaidi. Kuchoma kwetu kuna moto na kuna ncha. Tunachoma nyama, mahindi, mkaa na matofali. Lakini mwiba nao unachoma, sindano inachoma, na mtu anaweza kuchomwa kisu pasipo cheche hata moja. Ukienda kwa ndugu wa Kiswahili katika lugha za Kibantu utaukuta mzizi huohuo ukiwa na maana ya kudunga. Leza ya kwenye mashine hufanya yote mawili kwa mpigo: inadunga kidoa kidogo kisichoonekana kwa macho, na inakidunga kwa joto.

Chukua DVD-R mpya, ile diski tupu ya kuandikwa mara moja, uigeuze juani. Ule uzambarau unaouona upande wa chini ni rangi ya kemikali iliyopakwa katikati ya matabaka ya plastiki. Leza nyekundu, yenye wimbi la nanomita 650, inaipiga rangi hiyo doa kwa doa. Palipopigwa panageuka, hapaurudishi mwanga kama mwanzo. Baadaye deki inapita na leza hafifu ikisoma tofauti hiyo: hapa pamechomwa, hapa hapajachomwa. Diski iliyotumika nusu unaweza hata kuitambua kwa jicho, kwa kuwa pete ya ndani ina kivuli tofauti na pete ya nje.

Kwa hiyo filamu ya kiwandani haikuchomwa. Ilipigwa chapa: plastiki ya moto iligandamizwa kwenye kalibu yenye alama tayari, kama sarafu. Na DVD-RW, ile inayofutika, nayo ina habari yake. Ndani yake hamna rangi ila mchanganyiko wa madini ambao leza huuyeyusha. Ukipoa ghafla unabaki hivyo. Ukipashwa joto la wastani unarudi ulivyokuwa. Ndiyo maana RW inaandikwa tena na tena, wakati DVD-R ikishachomwa haiwi mbichi tena.

Sasa weka pembeni yake maneno mawili tuliyoyapata kwa Kiarabu. Kunakili asili yake ni kuhamisha kitu kutoka mahali hadi pengine, ingawa sisi tumebaki na ile maana ya kutoa nakala. Kuhariri ni jamaa wa neno huru. Katika Kiarabu kitenzi kilekile ni kumwachia mtu huru na pia kusahihisha maandishi. Naupenda sana undugu huo. Anayehariri mkanda wa harusi anaiweka sherehe huru na zile dakika kumi ambazo kamera iliachwa mezani ikipiga picha miguu ya watu. Kazi hiyo yote hufanyika kabla leza haijawashwa.

Linaloniumiza zaidi, hata hivyo, ni kufunga. Kwenye mashine za kurekodi DVD limeandikwa Finalize, liko ndani ya menyu, na watu wengi hawajawahi kulifungua. Shangazi yangu aliketi jioni nzima na mkanda wa harusi ya binti yake. Aliunganisha deki ya VHS na mashine kwa zile nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, akarekodi, akaitazama kwenye mashine ileile, picha safi. Akaiweka kwenye bahasha, ikasafiri hadi Muscat kwa kijana wake. Kule deki ilizungusha weee, kisha ikaandika kwamba hamna diski. Shangazi akaniambia fundi wa kule amemweleza diski imeungua.

Haikuungua. Mashine ya nyumbani inaporekodi, huiweka orodha ya yaliyomo kwa muda, kwa namna ambayo yenyewe inaielewa, ikisubiri kama utaongeza kitu. Ukiifunga diski, ndipo inapoandika mwanzo, mwisho na orodha rasmi ambayo deki yoyote itaitafuta. Inachukua dakika kadhaa, na DVD-R ikishafungwa huongezi kitu. Deki ya Muscat iliitafuta orodha, haikuiona, ikasema ukweli wake. DVD+RW, nayo ya kufutika, kwa kawaida haidai hatua hii, na hapo ndipo mkanganyiko unapoongezeka: mtu ametumia +RW mwaka mzima bila shida, siku anunue DVD-R anaamini diski ni feki.

Ukilielewa hili, kuchagua mashine hakukupi tabu. Mimi humwambia mtu atafute yenye hadi diski (hard disk, diski ya kudumu ya kuhifadhia) ndani, hata kama ni mtumba. Unarekodi mkanda kwenye hadi diski, unakata kwa utulivu, halafu ndipo unachoma na kufunga mara moja tu. Mashine isiyo na hadi diski inachoma papo kwa papo wakati mkanda unazunguka, na ukikosea kwenye DVD-R umepoteza diski. Suala la alama ya kutoa na ya kujumlisha lisikukoseshe usingizi. Ni makundi mawili ya makampuni yaliyoshindwa kupatana: DVD-R ilianza na Pioneer mwaka 1997, DVD+R ikaja 2002, na mashine nyingi za baadaye zinapokea zote. Soma tu kilichoandikwa kwenye kimlango cha mashine.

Ubora ndio wa kuangalia. Diski ya kawaida ni GB 4.7 (kompyuta itakuonyesha kama 4.37 kwa sababu inahesabu kwa njia nyingine, hujaibiwa). Mashine huwa na viwango vya kurekodi: kwa XP, kile cha juu, kwa kawaida diski inabeba saa 1, kwa SP saa 2, kwa LP, cha chini zaidi kati ya hivi, saa 4. Mkanda wa E-180 una saa 3, na watu hukimbilia LP ili uingie wote kwenye diski moja. Nawasihi wasifanye hivyo. Kanda hizi zinazeeka, na huenda hii ndiyo mara ya mwisho mkanda huo kuzunguka vizuri. Tumia diski mbili kwa SP. Na kama ndugu yuko Marekani, kumbuka mifumo ya picha inatofautiana: mikanda ya kule ni NTSC, ya kwetu ni PAL. Hakikisha mashine na deki ya anayepokea vinakubaliana kabla hujalipa nauli ya posta.

Upande wa kompyuta, yule mteja wa tatu aliniletea flashi yenye faili la kilobaiti chache akisema ndiyo harusi nzima. Lilikuwa faili la mradi. Programu za kuhariri, iwe Shotcut au ile Movie Maker ya zamani ambayo Microsoft iliacha kuitoa 2017, ukibonyeza kuhifadhi zinaandika maelezo tu: kata hapa, unga pale, weka muziki huu. Picha zenyewe zimebaki kwenye kompyuta yake nyumbani. Lazima uiambie programu itoe video kamili, na hapo ndipo utasubiri. Kwa kukata tu, Avidemux inatosha na ni ya bure.

Bado hiyo si DVD. Ukilitupa faili la video la MP4 kwenye diski na kulichoma kama data, umechoma kweli, na kompyuta italisoma, lakini deki ya kizamani inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye video ya MPEG-2 ndani yake. Kuiandaa folda hiyo na menyu yake ni kazi ya programu kama DVDStyler, nayo ni ya bure. Hili ndilo lililompata yule mteja wa kwanza, na kwake neno kuchoma lilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni maandalizi.

Basi ukimpelekea fundi kazi, usimwambie "nichomee" ukaishia hapo. Mwambie: niharirie, uitoe kama DVD ya deki, uchome, ufunge. Akikuuliza kufunga ni nini, mwonyeshe kwenye menyu.

Na shangazi, ile diski ya Muscat ni nzima. Kijana akipata mtu wa kumpa airudishe, iweke kwenye mashine yako ileile, fungua menyu, chagua Finalize, uiache mpaka imalize. Usizime umeme.