Jumuiya ndogo ndogo ni nini?

Ukienda ofisi ya parokia ya Kikatoliki nchini Tanzania kuandikisha mtoto wa ubatizo, mara nyingi swali la mapema kabisa ni hili: unasali jumuiya gani? Asiye na jibu hurudishwa nyumbani akatafute barua ya mwenyekiti wa jumuiya yake.

Jumuiya inayoulizwa hapo ni kundi la familia zinazoishi jirani, kumi, kumi na tano, pengine ishirini, zinazosali pamoja kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Ina mtakatifu msimamizi, mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Juu yake kuna kanda au kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, kisha parokia yenyewe. Walutheri wa KKKT nao wana jumuiya zao, ila hapa nazungumzia za Kikatoliki.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikubaliana mwaka 1973 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika makundi madogo ambamo watu wanajuana. Mwaka 1976, walipokutana Nairobi, wakaufanya ujenzi wa jumuiya hizi kuwa kazi ya kwanza ya kichungaji. Kongo walikwisha kuanza kulizungumza jambo hilo mwaka 1961. Sababu zilikuwa wazi. Mapadre walikuwa wachache na vigango vingi, na Mkristo aliweza kuhudhuria Misa miaka kumi bila jirani wa benchi kujua anaishi wapi. Tanzania ilikuwa na wepesi wake: watu walishazoea balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa kaya kumi hivi za jirani, hivyo kukusanyika kimtaa halikuwa jambo geni.

Mijini jumuiya nyingi husali Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika. Husomwa Injili ya Jumapili inayofuata, kunakuwa kimya, kisha kila mmoja hutaja neno lililomgusa na kueleza kwa nini. Utaratibu huo, unaojulikana kama hatua saba, ulienezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji msomi. Bibi asiyejua kusoma hushirikisha sawa na mwalimu mstaafu, na mara nyingi humzidi. Ndipo huja taarifa: nani anaumwa, nani kafiwa, na nani hajaonekana wiki ya tatu sasa, na nani atampitia.

Kwangu mimi, hilo swali la asiyeonekana ndilo kipimo cha afya ya parokia. Kanisa linaweza kujaa hadi watu wasimame nje, na bado muumini akapotelea mlango wa jirani bila yeyote kushtuka. Paroko mwenye waumini maelfu hawezi kuwajua wote; mwenyekiti wa jumuiya anajua hata nani kahama chumba.

Jumuiya huugua pia. Dalili ya kwanza ni tafakari kufupishwa ili muda ubaki wa michango: zaka, ujenzi, zawadi ya jubilei ya padre, rambirambi. Maskini akiona kila Jumamosi anasomewa deni mbele za watu, hukaa kwake. Barua nayo ina makali mawili. Inawarudisha waliolegea, lakini inawazoesha wengine kuja miezi miwili kabla ya ndoa na kutoweka baada ya fungate. Na akina baba! Sala huachiwa mama na watoto, lakini uchaguzi wa viongozi ukifika viti havitoshi.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na baraka, nao ni ukubwa. Jumuiya ya familia hamsini haienei sebuleni, wanaoshirikisha ni wale wale watano, na mgeni hata salamu hapati. Dawa ni kuigawa. Halmashauri ya walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, huchora mpaka, mara nyingi kwa kufuata barabara au mfereji, kundi jipya huchagua mtakatifu msimamizi na viongozi wake, na paroko huja kulizindua. Huzuni huwepo, maana watu waliozikana na kuozeshana wanatenganishwa, na wenyekiti wakongwe hupinga kwa hoja nzito kuliko zote: masufuria na turubai la misiba, lililonunuliwa kwa michango ya wote, litabaki upande gani wa mfereji?